Nyota mbili, na hizo ni za soja wa mlangoni na dada wa dirisha la tatu

Jina la benki sitaji. Pesa yangu iliyoibiwa kwa kadi ilirudi, karibu yote, na pia venye nimeuliza watu hapa Luthuli, Nairobi, kila wa pili ako na stori kama hii na benki yake, sasa nikitaja moja mtadhani zingine ni malaika. Nawapa nyota mbili kati ya tano na nieleze moja moja zimetoka wapi na zile tatu zilienda wapi.

Mimi ni fundi wa simu. Niko na nusu meza kwa duka la watu wanne pale Luthuli Avenue, orofa ya kwanza, unapanda ngazi zile zenye giza. Skrini na vipuri vingine naagiza nje mwenyewe, kwa hivyo kadi yangu ya ATM inalipa vitu vya mtandao karibu kila wiki, na miaka sita yote nimekua na hio benki sijawahi kua na shida nao, pesa ya mtu anapewa, mkopo mdogo niliwahi chukua nikalipa nikamaliza, apu yao haizimi zimi. Hio nasema mapema ndio msiseme nina chuki.

Sasa. Jumanne moja usiku simu ikalia mara tatu nikadhani ni wale wateja wa "fundi umemaliza?" nikageuka nikalala. Kuamka saa kumi na moja na nusu naona meseji tatu za benki, zote za saa nane na dakika 47 usiku, tofauti ni sekunde tu. KSh 14,920. KSh 14,920. KSh 14,920. Jina la aliyelipwa ni herufi zimekatwa katikati na manamba, kitu ya matangazo ya mtandaoni huko Marekani. Nilikua na 47,070 kwa akaunti, nikabaki na 2,310. Hio pesa ilikua ya skrini 11 ambazo wateja washaanza kunilipia nusu.

Nikapiga ile namba iko nyuma ya kadi. Muziki dakika 19, ule muziki wa kinanda unarudi mwanzo kila mara, na ni kredo yangu inaliwa. Akashika kijana mmoja mpole tu, akafunga kadi, akanipa namba ya tiketi. Nikamwambia hii pesa haijatoka bado, kwa apu inaonyesha imeshikwa tu, si muizuie? Akasema hapana boss, ikishikwa hatuwezi kuigusa, ngoja iingie kabisa kwa huyo mwenye duka aliyelipwa ndio uje tawini ujaze fomu ya disputi, ile ya kupinga malipo. Yaani unaona mwizi ameshika mlango, unaambiwa ngoja afike kwake ndio tumfuate. Nilimkasirikia sana lakini baadaye nikaja kujua kwa hilo hakua ananidanganya, duka likishapewa kibali cha kukata, kufunga kadi kunazuia ya kesho tu, haizuii ya jana. Kwa hivyo piga simu hata kama ni saa tisa usiku, na hio namba ya tiketi andika pamoja na saa, mimi niliandika nyuma ya boksi ya betri na hio boksi ndio iliniokoa huko mbele.

Halafu nikiwa kwa meza asubuhi, natafuta stetimenti kwa apu, nikaona kitu Jumapili. KSh 133. Jina lile lile lenye herufi zimekatwa. Hio ni dola moja na benki imekata chake cha kubadilisha. Wakora wakipata namba ya kadi hawaanzi na kubwa, wanakata kidogo waone kama kadi iko hai na kama mwenyewe amelala, ikipita wanarudi na njaa. Na mimi kweli nililala, kwa sababu benki yangu haitumi meseji ya malipo yakiwa chini ya 500! Hio sikujua, miaka sita. Nendeni mwangalie kwa apu zenu kama meseji za pesa kidogo zinakuja, ukiona imewekwa kiwango kiondoe leo.

Alhamisi ikaingia kabisa, Ijumaa nikaenda tawini. Soja wa mlangoni huyo mzee kwanza apewe heko, alinipiga kile kidude chake mfukoni akaona uso wangu akauliza "kijana, wamekula ngapi?" Nikamwambia. Akaniambia usikae foleni ya kuweka pesa, panda juu, chukua namba ya huduma, na kabla ya kupanda pita kituo cha polisi upate namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, kwa sababu watakurudisha tu. Nikaenda, nusu saa nikarudi na OB na abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti, na kweli ndio kitu cha kwanza nilichoulizwa huko juu. Soja anajua kazi ya benki kuliko namba ya simu ya benki.

Huko juu nikakaa saa moja na nusu. Madam wa kastoma kea akaangalia kompyuta, akaniangalia, akarudi kompyuta.

"Boss, hii pesa umelipa wewe."

"Madam, saa nane usiku nilikua nimelala nyumbani Umoja."

"Hapa inaonyesha imethibitishwa. Hukupea mtu koda, zile namba hutumwa kwa simu ukilipa?"

"Sikupokea koda."

"Pengine mtoto alishika simu."

Sina mtoto. Nikajaza fomu, kurasa mbili, nikaambiwa siku 45 za kazi. Siku za kazi! Hizo ukitoa wikendi ni miezi miwili na kitu. Na hapa ndio tofauti ya kadi ya ATM na ile ya mkopo ambayo watu hawafikirii, ile ya mkopo ukibishana mnabishania pesa ya benki, hii ya ATM pesa ishatoka kwako, wao wanaweza kungoja hata Krismasi, wewe ndio unanunua unga kwa deni. Wateja wa skrini nilikopa Sacco nikawarudishia, mmoja alikua ameanza kuniita mkora mbele ya watu.

Siku ya 23 ikaja imeli. Mistari miwili, nimeisoma mara nyingi sana naijua kwa kichwa: malipo hayo yalithibitishwa na mwenye kadi, kwa hivyo benki haitarudisha pesa, asante kwa kuwa mteja wetu wa thamani. Hakuna jina chini. Hakuna sahihi. Hakuna hata namba yangu ya tiketi.

Wueh. Na aibu ilikua mbaya kuliko pesa, kwa sababu mimi ndio huwaambia wamama hapa wasimpe mtu koda, sasa mafundi wenzangu wakapata stori ya wiki. "Fundi wa simu ameibiwa kwa simu." Wakanichukulia nimebadilishiwa laini, yaani mwizi amehamisha namba yangu kwa laini yake. Lakini laini ikibadilishwa simu yako inakufa netiweki, yangu meseji tatu za benki ziliingia saa hio hio kwa hio simu, sasa netiweki ilikua wapi kama si hapo? Nikatoa meseji zote za ule usiku, moja baada ya nyingine na saa zake, koda hakuna hata moja. Nikapeleka tawini. Nikaambiwa labda ulifuta. Nikamuuliza ofisa, sasa mimi nifute koda niache meseji za kuibiwa? Akacheka kidogo, lakini fomu hakugusa.

Aliyenifungua macho ni mama wa kava, tunagawana naye duka, anauza kava na kioo za kubandika. Akasema dada yake alikaa miaka minne kitengo cha kadi kwa benki nyingine, akampigia, Jumamosi tukanywa chai ya kibanda huko nyuma karibu na River Road, watu watatu kwa benchi ya mmoja. Huyo dada hakutaka hata kuona fomu. Aliuliza kitu kimoja: "Zilipita na koda ama bila koda?"

Nikamwambia wanasema imethibitishwa. Akasema hilo si jibu, neno kuthibitishwa kwa benki linaweza maanisha vitu vitatu tofauti. Inaweza kua uliweka namba ya siri kwa mashine. Inaweza kua uliweka koda ya simu. Na inaweza kua tu namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile namba tatu za nyuma ziliandikwa sawa, mfumo ukasema ndio. Hio ya tatu mwizi yeyote aliyenunua orodha ya kadi anaweza, na maduka mengi ya Marekani hayaulizi koda kabisa kwa sababu hawataki mteja achoke akiwa karibu kulipa.

Halafu akanieleza kwa nini swali hilo linauma benki. Kuna kitu wanaita chajibeki, ni njia ya Visa na Mastercard ya kurudisha pesa, benki yako inaambia benki ya yule mwenye duka mteja wetu amekana haya malipo, leteni ushahidi ama mrudishe. Kama duka halikuuliza koda, hasara kwa kawaida ni ya duka. Kama koda iliulizwa na ikawekwa sawa, duka linaponyoka na hasara inakaa kwa benki yako, na hapo ndio benki inaanza kukutafuta wewe uibebe. Sasa yangu kama zilipita bila koda, benki ilikua inanikatalia pesa ambayo haingetoka hata mfukoni mwake! Ilikua inakataa kujaza fomu tu.

Na saa inatembea. Kwa Visa malipo ya wizi kama haya dirisha, yaani muda wa kupeleka chajibeki, ni siku 120, na wewe mteja huwezi kujipelekea, lazima benki ipeleke. Ukikaa unangoja siku 45 za kazi, ukajibiwa hapana, ukakasirika mwezi mmoja, ukarudi, unaweza kuta limefungwa na hapo hata mtu mzuri hawezi kukusaidia. Aliniambia usibishane tena kwa mdomo. Andika, uliza kitu ambacho jibu lake ni ndio au hapana, upigiwe stempu.

Nikaandika ukurasa mmoja, nilimpa mama wa kava asome kwanza akatoa matusi mawili. Sikueleza nilivyolala wala nilivyolia. Nikaweka yale malipo manne, tarehe, saa, kiasi. Nikaweka saa niliyopiga simu na namba ya tiketi kutoka kwa ile boksi ya betri. Halafu kwa kila malipo nikauliza, koda iliombwa? Kama iliombwa ilitumwa saa ngapi na kwa namba gani ya simu? Na benki imepeleka chajibeki, tarehe gani, kama haijapeleka ni kwa sababu gani? Nikasema hizo ni taarifa zangu mimi na naziomba kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayonipa haki ya kuona data ambayo mtu anaweka juu yangu. Chini kabisa nikaandika nakala: Benki Kuu ya Kenya, Haile Selassie Avenue. Benki Kuu iko na mwongozo wa kulinda wateja wa benki tangu 2013 na benki zote lazima ziwe na njia ya kupokea malalamiko na kuyajibu, sasa ukituma nakala huko si kutisha mtu, ni kuweka shahidi.

Hapa ndio anaingia dada wa dirisha la tatu. Huko juu walikataa kupokea barua, wakasema tuma imeli. Nikashuka chini kwa matela, wale wa kupokea pesa dirishani, nikapanga foleni kama mtu wa kuweka pesa, nikampa karatasi mbili. Akasoma yote! Foleni nyuma yangu inaguna. Akachukua stempu akapiga moja TUMEPOKEA na tarehe, akapiga ya pili, akatia sahihi, akanirudishia yangu, akaniambia polepole bila kuinua kichwa, "hii usipoteze." Dada popote ulipo, nyota moja nzima ni yako.

Siku saba tu. Nikapigiwa simu na mtu ambaye hajawahi kunipigia, sauti ya mtu mzima, anajitambulisha jina na kitengo, ananiita bwana na jina langu la pili. Anasema tumeangalia faili upya. Nikamwambia sawa, koda? Kukawa kimya, nasikia mtu anabonyeza kompyuta. Akasema "malipo yote manne hayakua na koda." Nikamuuliza sasa ile imeli ya imethibitishwa? Akasema hio ni jibu la kawaida hutumwa. La kawaida! Yaani hakuna mtu aliyekua ameangalia. Mtu alifungua faili, akachagua jibu kwa orodha, akabonyeza tuma, akaenda lanchi.

Chajibeki ikapelekwa siku ya 41 tangu pesa itoke. Huyu mzee wa simu, na hapa nampa haki yake, alinipa tarehe bila kuombwa na akaniambia duka bado liko na nafasi ya kupinga kwa hivyo nisitumie hio pesa kichwani kabla haijafika. Duka halikupinga, ama lilipinga likashindwa, sijaambiwa. Siku ya 74 nikiwa nimeshika simu ya mtu imefunguliwa nusu, skrini inaning'inia kwa waya, ikaingia meseji, 14,920, halafu nyingine, halafu nyingine. 44,760. Nikaita mama wa kava kwa sauti hadi mteja akadhani nimeunguza simu yake.

Kuna mtu ataniuliza na kama wangekataa tena. Nilikua nimeshajitayarisha, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inachukua kesi hadi milioni moja, sheria yake ya 2016 inataka kesi iishe kwa siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Faili nilikua nayo kwa droo, ina ile imeli ya mistari miwili juu kabisa. Na kama wewe kweli ulimpa mtu koda, sitakudanganya, barua kama yangu haitakusaidia hivyo, hapo unaanza kubishana ulidanganywa vipi na ni kesi ngumu zaidi, lakini pia piga simu dakika hio hio kwa sababu kuna yale ambayo bado hayajakatwa.

Kwa hivyo nyota. Apu, nzuri kwa kuangalia salio, mbaya kwa ile ya 500, tuiache. Simu ya huduma, muziki dakika 19 asubuhi ya kuibiwa, hapana. M-Pesa nikikosea namba natuma ile meseji kwa 456 na mtu ananijibu, na hio ni kukosea kwangu mwenyewe, sasa benki na majengo yao ya vioo wanashindwa wapi? Kitengo cha disputi, hapo nimetoa nyota mbili kwa mpigo, si kwa kukataa, mtu anaweza kukataa kwa haki, ni kwa kukataa bila kuangalia halafu wakaandika kana kwamba wameangalia. Yule mzee wa simu kidogo nimpe nyota ya tatu lakini nikakumbuka alinipigia baada ya stempu.

Bado niko na akaunti huko, watu wananishangaa. Sacco inakatwa huko na kuhama ni kazi. Ila kadi mpya, ambayo walinitoza 600, haikai na pesa. Nimefungua akaunti ndogo ya pembeni kadi imefungwa hapo, inalala na shilingi 200, nikitaka kuagiza skrini nahamisha kiasi kile kile, nalipa, na malipo ya mtandao nazima kwa apu. Mwizi akija saa nane usiku atakuta nauli ya matatu.

Na ile 133 ya Jumapili? Haikurudi. Walirudisha tatu wakasahau ya kwanza. Wiki iliyopita nikaandika kuuliza, ukurasa mmoja, nikampelekea dada wa dirisha la tatu akapiga stempu akicheka. Jana imeli imeingia: malalamiko yako yamepokelewa, tafadhali subiri siku 45 za kazi.